INSHA YA KUUZA: JE, NI KAZI KAMA KAZI NYINGINE?



Mzazi mmoja hapa Kariandusi alituuliza: "Kijana wangu wa chuo kikuu anaandikia Wazungu insha kwa kompyuta, analipwa. Kuna ubaya?" Tumeona tuwajibu wote, maana karo ya vijana hawa mara nyingi tunaichanga sisi.

Kazi hiyo inajulikana. Filamu The Shadow Scholars ya mwaka 2024 ilionyesha Wakenya wanaoandika kazi za wanafunzi wa ng'ambo. Anayelipa anaweka jina lake juu, anapata alama. Australia ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020, na England mwaka 2022.

Siku hizi vyuo vingi duniani vina kozi fupi ya uaminifu katika masomo. Mwanafunzi anaisoma kwa simu au kompyuta na kujibu maswali. Anafundishwa nini?

Fikirini daftari la mweka hazina wenu. Mama ametoa shilingi 200. Mweka hazina akiziandika kwa jina lake yeye, hata kama hela zote zimo sandukuni, amemwibia yule mama. Masomo ni vivyo hivyo:

1. Wazo la mtu mwingine liandikwe kwa jina lake, na kitabu lilimotoka kitajwe.

2. Maneno ya mwingine yawekwe ndani ya alama za kunukuu. Kubadilisha neno hapa na pale hakutoshi.

3. Kazi ya kupewa alama usiinunue wala usiiuze. Ikiandikwa na programu ya kompyuta, usiseme ni yako.

Basi jibu letu ni hili: kuandika ni kazi ya heshima, lakini kumwandikia mwingine kazi ya alama ni kumsaidia kudanganya. Anayenunua insha leo, kesho anaweza kuwa nesi anayekupimia dawa.

Lakini kozi peke yake haitoshi. Kijana anaweza kupita maswali yote, halafu usiku akauza insha kwa sababu karo haijafika na hajala. Mzazi, usimgombeze tu. Muulize anadaiwa ngapi.

Ya kujadiliana kikundini:

- Je, tunajua vijana wetu wa chuo wanaishije?

- Tukichelewa kuchanga, wao wanapata wapi hela?

- Sisi wenyewe, daftari letu liko sawa?