Injini ipi kwa mbio za kesho? Vumbi la Kajiado lina funzo

ENZI ambapo Safari Rally ilipita katika barabara za vumbi za Kajiado, mtazamaji mzoefu hakuhitaji kuliona gari ili kulitambua. Alitega sikio tu. Mngurumo wa Subaru ulikuwa mzito, wa kukatakata. Ule wa Datsun 240Z ulikuwa laini na wa juu.

Tofauti hiyo hutokana na jinsi silinda zinavyopangwa ndani ya injini. Ndilo suala ambalo Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) hulazimika kuamua kila linapotunga kanuni mpya.

Mipangilio mikuu ni mitatu. Wa kwanza ni silinda kusimama katika mstari mmoja. Injini hii ni nyembamba, ina kichwa kimoja na ni nafuu kuitengeneza.

Wa pili ni umbo la V. Silinda sita au nane huingia katika nafasi fupi, lakini vichwa ni viwili na vipuri huongezeka.

Wa tatu ni silinda kulala ubavu zikielekea pande mbili, kama katika Subaru na Porsche 911. Uzito hushuka chini na gari hutulia kwenye kona. Hata hivyo, muulize fundi yeyote wa Kitengela aliyewahi kubadilisha plagi za Subaru: mkono haupiti kwa urahisi.

Historia ya Safari haikupendelea mpangilio mmoja. Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun 240Z ya silinda sita katika mstari. Joginder Singh alitamba mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya silinda nne.

Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa Peugeot 504 yenye injini ya V6, naye Hannu Mikkola akafuata mwaka 1987 kwa Audi ya silinda tano. Colin McRae alipata ushindi wa mwaka 1997 kwa Subaru Impreza.

Je, kilichowaunganisha ni nini? Ni ustahimilivu. Uwanda wa Kitengela uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni haba kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Turbo husaidia kwa kuisukuma hewa ndani.

Lakini kanuni hulazimisha hewa yote ya turbo ipite katika tundu dogo lenye kipimo maalumu, ili nguvu zisizidi. Penye hewa haba, hata tundu hilo hupitisha hewa pungufu. Ongeza joto la mchana na vumbi linaloziba vichujio, na utaona kwa nini injini yenye nguvu nyingi siyo lazima ifike mwisho.

Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia. Iliporejea mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, uhuru wa kuchagua injini ulikuwa umepungua. Kanuni za mwaka 2011 zilikuwa zimeleta injini ya lita 1.6 yenye turbo, na magari yote ya ngazi ya juu yakawa na silinda nne katika mstari mmoja.

Mwaka 2022 iliongezwa mota ya umeme ya kilowati 100. Gari likiwasha taa nyekundu, hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kwa hofu ya umeme. Hebu fikiria gari lililokwama kwenye udongo mweusi wa Kajiado wakati wa masika, nao wanakijiji waliozoea kusukuma wakiambiwa wakae mbali!

Mfumo huo uliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, na uzito wa chini wa gari ukapunguzwa kwa kilo 80.

Mnamo Desemba 2024, baraza la FIA lilipokutana Kigali, Rwanda, liliidhinisha mwongozo wa kanuni za mwaka 2027. Injini itakuwa ile ya daraja la pili, Rally2, yenye takriban nguvu 300 za farasi. Bei ya gari haitazidi euro 345,000, na watengenezaji wadogo wataruhusiwa kuunda magari yao.

Mjadala kama huo umezuka pia katika Formula One, ambako mwaka 2025 Rais wa FIA, Mohammed Ben Sulayem, alizungumzia kurejeshwa kwa injini za V10, na baadaye V8. Huko hoja kubwa ni sauti, uzito na gharama.

Kwetu, hoja ni nani ataweza kushiriki. Euro 345,000 bado ni fedha nyingi mno kwa kijana wa Kitengela. Lakini injini ya silinda nne katika mstari inafanana kimsingi na zile ambazo mafundi wetu hufungua kila siku, na daraja lililo chini yake, Rally3, tayari limewapa madereva chipukizi wa Kenya gari la silinda tatu la kujifunzia.

Ngazi yenye vipandio vinavyokaribiana hupandika. Kanuni zinazoweka injini ya kifahari kileleni huacha pengo ambalo kipaji pekee hakiwezi kulivuka. Wanaoandika kanuni hizo wangefaa kukumbuka kwamba, katika vumbi la Kajiado, mshindi alikuwa yule ambaye gari lake lingeweza kutengenezwa likaendelea na safari.