Akiba Haiozi, Lakini Samaki Huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Mama wa mwambao wa Ziwa Mweru anayo haki ya kuuliza kama wahenga hao waliwahi kuanika samaki mwezi wa Machi. Mvua inyeshapo ghafla, dagaa waliotandazwa mchangani tangu alfajiri hulowa na kushikana na mchanga, na kabla jua halijarudi nzi wamekwisha kutaga mayai. Kazi ya usiku kucha ya mvuvi, mafuta ya taa yaliyoteketezwa, na karo ya mtoto iliyokuwa ikitarajiwa, vyote huishia kuwa chakula cha kuku.

Nchelenge ni wilaya ya Jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia, na mji wake umekaa ukingoni mwa ziwa, jirani na soko la samaki la Kashikishi. Ziwa Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba 5,000 na ushei, na limegawanywa na mpaka: upande wa mashariki ni Zambia, upande wa magharibi ni Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na Mto Luvua hutoka kaskazini. Tangu zamani Washila ndio waliosifika kwa uvuvi katika maji hayo, na hata leo samaki wa Mweru husafirishwa hadi miji ya migodi ya Zambia na ya Katanga.

Samaki anayelisha nyumba nyingi za huko ni mdogo kuliko kidole. Wenyeji humwita chisense, na mtu wa Kigoma au Mwanza akimwona atasema ni dagaa. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa: mwanga huvuta kundi karibu na mtumbwi, kisha wavu hulizoa. Kulipokucha, kazi huhamia nchi kavu, na hapo sehemu kubwa huwa mikononi mwa akina mama, wanaoanika, wanaofungasha na wanaouza.

Vifaa vilivyomo ndani ya mtumbwi huo vina historia yenye faida kuijua, kwa kuwa karibu kila kimoja kilianza maisha yake kama karatasi katika ofisi ya serikali, mbali sana na Mweru.

MAPATANO KATI YA MVUMBUZI NA UMMA

Karatasi hiyo huitwa hataza. Ni hati ambayo serikali humpa mtu aliyebuni kitu kipya chenye manufaa katika kiwanda, shamba au kazi nyingine ya uzalishaji. Hati hiyo humpa haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze wala kukiuza bila idhini yake. Lakini haki hiyo ina bei. Mvumbuzi hana budi kueleza siri yake yote kwa maandishi na michoro, kiasi kwamba fundi mwenye ujuzi aweze kukitengeneza kitu hicho. Muda ukiisha, ambao kwa sheria za nchi nyingi siku hizi ni miaka 20 tangu siku ya maombi, siri hiyo huwa mali ya watu wote. Aidha, hataza hulinda katika nchi ilikotolewa tu. Iliyotolewa Ujerumani haimfungi fundi wa Nchelenge.

Tuchukue karabai, taa iliyotawala uvuvi wa usiku kwa miaka mingi. Mwanga wake mweupe hautoki kwenye utambi, bali kwenye kifuko chembamba kilichotiwa madini, ambacho hung'ara kikipashwa moto. Kifuko hicho kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyekiombea hataza mwaka 1885. Kwenye mwaka 1910, kiwanda cha Max Graetz mjini Berlin kilikiunganisha na tangi la mafuta ya taa yanayosukumwa kwa pampu, ikazaliwa taa ya Petromax.

Wavu nao una habari yake. Nyavu za kale za Luapula zilisukwa kwa nyuzi za mimea, kisha zikaja za pamba na kitani kutoka viwandani. Zote zilioza upesi majini na zilihitaji kuanikwa kila mara. Nailoni ilibuniwa Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers, mkemia wa kampuni ya DuPont. Carothers alifariki mwaka 1937; hataza ya msingi ya nailoni ilitolewa mwaka 1938, na watu wakaanza kununua bidhaa zake wakati mwenyewe yumo kaburini. Muda wa hataza hiyo ulikwisha katika miaka ya 1950, na tangu hapo viwanda vya nchi yoyote vimekuwa huru kusokota uzi huo usiooza.

Siku hizi, katika maziwa mengi ya Afrika Mashariki na ya Kati, karabai inaondolewa na taa za LED zinazotumia betri na nguvu ya jua. Taa nyeupe za aina hiyo zisingeenea kama isingepatikana kwanza punje inayotoa mwanga mkali wa buluu, na njia ya kuitengeneza iliombewa hataza mwaka 1990 na kampuni ya Nichia ya Japani. Mvumbuzi wake, Shuji Nakamura, alikuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo, na kwa hataza ile alipewa bakshishi ya yeni 20,000 tu. Alikwenda mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya Tokyo iliamuru alipwe yeni bilioni 20. Mwaka 2005 shauri lilimalizwa kwa mapatano ya yeni milioni 840 hivi. Mwaka 2014 Nakamura na Wajapani wenzake wawili, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Hataza ile ya mwaka 1990 haina nguvu tena leo.

KUVUA SI KUPATA

Uvumbuzi wote huo ni wa heshima. Hata hivyo una jambo moja linalofanana: wote huongeza samaki wanaoingia mtumbwini, na hakuna hata mmoja unaomwongezea mwanakijiji samaki anayefika sokoni akiwa mzima.

Mweru na Luapula zina kumbukumbu chungu juu ya jambo hili. Samaki aitwaye mpumbu alikuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa kutaga mayai, na wavuvi wakamtegea nyavu katika safari hiyohiyo ya uzazi. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa amepungua mno, na utajiri ule haukurudi. Leo sheria ya Zambia hufunga uvuvi katika maji hayo tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane.

Basi, ziwa haliwezi kupanuliwa, na msimu hauwezi kurefushwa. Kilichobaki ni kuokoa kile kilichokwisha kuvuliwa. Kila gunia linalooza mchangani humlazimisha mvuvi arudi majini kulitafuta jingine mahali pake. Mwenye kuokoa gunia ameokoa pia samaki walio hai ziwani.

Na hapa ndipo penye habari njema: maarifa ya kuhifadhi samaki hayahitaji ruhusa ya mtu yeyote. Mfano ulio karibu na wasomaji wengi ni jiko la mkaa lenye udongo ndani na bati nje, lililoanza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya wazo lake kuchukuliwa kutoka majiko ya Thailand. Fundi bati hakuzuiwa na hati ya mtu kuliiga, na sasa limejaa majikoni toka Nairobi hadi Dar es Salaam. Vivyo hivyo kwa vifaa vitatu vifuatavyo.

CHANJA

Cha kwanza ni chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini kwa kimo cha kiunoni. Nguzo nne au sita huchimbiwa, fito hufungwa juu yake, na wavu wenye matundu madogo hutandazwa ukavutwa sawasawa. Samaki huoshwa kwa maji safi kwanza, kisha hutandazwa tabaka moja jembamba na kugeuzwa mara kwa mara. Upepo hupita juu na chini, kwa hiyo hukauka upesi kuliko mchangani. Kuku na mbuzi hawawafikii, na mnunuzi hasagi mchanga menoni. Mvua ikitishia, turubai au plastiki hufunikwa mara moja.

Tahadhari moja ni lazima itajwe. Chandarua kilichotiwa dawa ya kuua mbu kisitumike kuvulia wala kuanikia samaki. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zinazoteswa sana na malaria. Mahali pa chandarua ni kitandani, na dawa yake si kitoweo.

HEMA LA JUA

Cha pili ni hema la plastiki. Mwaka 1977 wataalamu waliofanya kazi Bangladesh walieleza jinsi ya kukausha samaki ndani ya hema hilo: fito husimamishwa kama za kibanda, plastiki angavu huwambwa juu yake, plastiki nyeusi hutandikwa chini ili ivute joto, na chanja huwekwa katikati. Nafasi huachwa chini ili hewa iingie, na nyingine juu ili mvuke utoke. Joto likipita nyuzi 45 na kudumu, nzi na funza hawawezi kuishi humo. Samaki wabichi sana wasifungiwe katika joto kali tangu mwanzo, maana watapikika badala ya kukauka; matundu ya hewa hufunguliwa zaidi saa za kwanza. Katika miaka ya 2010 mahema ya namna hiyo yalijaribiwa pamoja na wavuvi katika mbuga za Barotse, magharibi mwa Zambia, na kwenye Ziwa Chilwa nchini Malawi.

TANURI LA CHORKOR

Cha tatu ni kwa samaki wakubwa wanaobanikwa. Moto wa wazi hula kuni nyingi, huunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Chorkor ni kijiji cha wavuvi kando ya Accra, nchini Ghana. Huko, kwenye mwaka 1970, akina mama wabanikaji walishirikiana na wataalamu wa utafiti wa vyakula wa Ghana na wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kutengeneza tanuri jipya. Michoro yake ilichapishwa na kusambazwa kwa yeyote aitakaye.

Tanuri hilo ni sanduku la udongo au matofali lisilo na kifuniko, ambalo urefu wake ni kama mara mbili ya upana. Ukuta huligawa katikati, na kila chumba kina mlango wa kuni mbele. Juu yake hupangwa trei za viunzi vya mbao zilizowambwa wavu wa waya, moja juu ya nyingine, hata kufikia 15. Werevu wake umo katika vipimo: viunzi hukaa katikati ya unene wa kuta, hivyo mbao haziungui, na trei zenyewe zikipangana huwa bomba la moshi. Trei za juu hushushwa na za chini hupandishwa ili wote waive sawa. Kuni hupungua, na moshi haumpigi mama machoni siku nzima.

Kwa samaki wakavu, adui wa mwisho ni kijidudu cheusi ambacho mabuu yake yana manyoya na hutoboa samaki ghalani. Kuwatia chumvi kabla ya kukausha, kuwakausha barabara, na kuwafungasha katika chombo safi kisicho na nyufa, humpunguzia nafasi.

MALI BILA DAFTARI

Je, fundi wa Nchelenge naye hawezi kuvumbua? Anaweza, na mara nyingi amekwisha kuvumbua bila kulipa jina. Taasisi ya kumlinda ilizaliwa katika ardhi ya Zambia: ni Mapatano ya Lusaka ya tarehe 9 Desemba 1976 yaliyounda shirika linaloitwa leo ARIPO, lenye makao yake Harare. Kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ombi moja laweza kutaja nchi kadhaa wanachama, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Uvumbuzi mdogo pia una hati yake. Nchini Zambia kwenyewe maombi hupokelewa na ofisi iitwayo PACRA, chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 2016.

Kanuni ya kukumbukwa ni kwamba hataza hutolewa kwa kitu kipya. Fundi anayekionyesha chombo chake hadharani na kukiuza kabla ya kupeleka maombi anaweza kuwa ameipoteza haki hiyo kwa mikono yake. Mali bila daftari, kama ijulikanavyo, hupotea bila habari. Lakini anayetaka kijiji kizima kijenge alichobuni anaweza pia kukitoa bure kwa hiari, kama michoro ya Chorkor ilivyotolewa.

Kwa sasa, hata hivyo, uamuzi mkubwa zaidi hautoki Harare wala Lusaka, bali hutoka nyumbani, mume na mke wanapohesabu mapato ya msimu. Fedha ya taa mpya huongeza samaki wanaoingia mtumbwini. Fedha ya nguzo, wavu wa waya na plastiki huongeza wanaofika sokoni. Nyumba yenye uwezo wa kununua kimoja tu kati ya viwili hivyo ingefanya vema kuanza na chanja, na kuichimbia nguzo kabla ya mvua za Novemba.