Mgonjwa Hulenga Pamoja na Mashine: Tiba ya Mionzi kwa Saratani ya Titi

Mama mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero anapogunduliwa kuwa na saratani ya titi, mara nyingi upasuaji peke yake hautoshi. Chembe chache za ugonjwa zaweza kusalia pale ulipoondolewa uvimbe, nazo huangamizwa kwa mionzi. Ili kupata tiba hiyo huondoka Ifakara kwa treni ya TAZARA, au kwa basi kupitia Mikumi, akasafiri mamia ya kilomita hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hospitali hiyo ya kale, iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ilifanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Kwa miaka mingi ilitegemea mashine za kobalti 60, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na robo hivi. Mwaka 2018 ziliongezwa mashine zinazotoa mionzi kwa kuharakisha elektroni kwa umeme.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba usahihi wa tiba hii ni kazi ya mashine. La hasha. Mashine hulenga mahali pale pale kila siku. Kinachobadilika ni mwili uliolazwa chini yake. Kipimo kilichoenea siku hizi ni grei 40 zinazogawanywa mara 15, katika muda wa wiki tatu. (Grei 1 ni jouli 1 ya nishati inayopokewa na kila kilo 1 ya mwili.) Kipimo hugawanywa ili chembe zenye afya zipate nafasi ya kujitengeneza. Lakini maana yake ni kwamba mgonjwa hana budi kulala vile vile mara 15, kifua wazi, mkono umeinuliwa juu ya kichwa.

Kwa nini sentimita moja iwe na uzito? Nyuma ya titi kuna mbavu, na nyuma ya mbavu kuna pafu. Upande wa kushoto upo moyo. Ndiyo sababu mwale hupitishwa kwa mshazari, ukiambaa ukuta wa kifua. Utafiti juu ya wanawake wa Sweden na Denmark, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kila grei 1 ya wastani iliyoufikia moyo iliongeza hatari ya maradhi makubwa ya mishipa ya moyo kwa kiasi cha asilimia 7.

Hapa pumzi ya mgonjwa huwa chombo cha tiba. Mwalimu aweza kumlaza mwanafunzi chali, kitabu chepesi juu ya kifua, na darasa likapima kwa rula jinsi kitabu kinavyopanda anapovuta pumzi. Kwa pumzi ndefu mapafu hujaa hewa, na moyo hushuka na kujitenga na ukuta wa kifua. Penye mitambo ya kufuatilia mwendo wa kifua, mgonjwa wa titi la kushoto huombwa azuie pumzi kwa sekunde 20 hivi, na mionzi hutolewa katika muda huo tu. Hakuna awezaye kumvutia pumzi hiyo. Lazima aelezwe na afanye mazoezi.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu lina uzito wa pekee, nalo ni adabu. Mtaalamu huuliza, “Mama, bega linauma?” Naye hujibu, “Haliumi, daktari,” kwa kuwa si heshima kumlalamikia mkubwa anayekusaidia. Kumbe kwapa lililopasuliwa linavuta, na kabla ya dakika kumi mkono umeteremka polepole na ngozi ya kifua imehama pamoja nao. Jibu la adabu limepotosha shabaha. Swali bora, kwa maoni yangu, ni hili: “Mama, nikuwekee mto wapi ili uweze kutulia?”

Vivyo hivyo alama za wino zilizochorwa kifuani. Kwa joto la Dar es Salaam jasho huzifuta, na mgonjwa asiyejua kazi yake huweza kuzisugua kwa sabuni. Anayejua hutoa taarifa mara alama inapofifia, wala hajaribu kuichora upya mwenyewe.

Vipi kuhusu kujisitiri? Katika Chuo Kikuu cha Sheffield Hallam, Uingereza, wanawake waliokwisha kutibiwa walishirikishwa kubuni sidiria maalumu, yenye kushikilia titi mahali pamoja na kupunguza fedheha ya kulala kifua wazi. Msomaji atauliza: je, khanga haitoshi? Mionzi hii haitoi kipimo chake kikubwa juu ya ngozi, bali ndani kidogo: nusu sentimita kwa kobalti, sentimita moja na nusu hivi kwa mashine nyingi za umeme. Mikunjo minene ya nguo husogeza kipimo hicho kuelekea ngozi, ikaungua zaidi, tena huficha alama. Khanga yaweza kumsitiri mpaka mashine inapokaribia kuwashwa, na kumfunika tena mara inapozimwa.

Bega halingoji Dar es Salaam. Mazoezi ya kupandisha vidole ukutani, kidogo kidogo kila siku, huanza baada ya upasuaji kwa idhini ya daktari, huko huko Ifakara. Asiyeweza kuinua mkono huenda akafika Ocean Road na upimaji wake ukaahirishwa, huku nauli na posho vikiisha.