Maganda ya Machungwa: Chakula cha Mbuzi Tunachokitupa

Kila msimu wa machungwa huko Muheza, mkoani Tanga, wanaokamua juisi hubaki na malundo ya maganda na makapi. Karibu nusu ya uzito wa chungwa hubaki hapo, huoza na kuvuta nzi. Wakati huohuo, kaya zilizopokea mbuzi wa maziwa kwa utaratibu wa kopa mbuzi lipa mbuzi huhangaika kununua pumba. Kiangazi kikikaza, wengine humuuza mbuzi kabla hajazaa wa kulipa, na jirani anayesubiri zamu yake hukosa.

Makapi hayo yakikaushwa hukaribia mahindi kwa kutia nguvu. Upungufu wake ni protini: ni kama asilimia 6 au 7 tu, na mbuzi anayekamuliwa huhitaji asilimia 12 au zaidi. Lazima basi yaende pamoja na majani ya lukina au glirisidia, au mashudu ya alizeti. Anayelisha maganda peke yake ataona maziwa yakipungua, kisha atalaumu machungwa!

Adui mkubwa ni maji. Maganda mabichi ni maji kwa takribani asilimia 80, hivyo kilo 100 hubaki kama 20 hivi yakikauka. Yakatwekatwe siku ileile, yaanikwe juani juu ya turubai, yageuzwe mara kwa mara mpaka yavunjike mkononi. Mashine ya kukaushia hatuishauri, turubai linatosha. Yenye ukungu yasitumike hata kidogo, maana sumu ya ukungu haiondoki kwa kuanika upya.

Mvua ikizuia kuanika, changanya sehemu 3 za maganda na sehemu 1 ya mabua makavu ya mahindi yaliyokatwa, shindilia ndani ya pipa au mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, funga wiki nne. Likinukia uchachu mzuri, liko tayari.

Mbuzi huanzishwa kwa konzi moja na kuongezewa kwa wiki mbili, la sivyo ataharisha. Mbuzi wa kilo 30 asizidishiwe gramu 300 za maganda makavu kwa siku, na majani asikose kamwe. Kamati zianze kwa kuzungumza na wakamuaji kabla ya msimu, kwani wengi wao hulipa kibarua wa kwenda kuyatupa.