Mkojo Utakaposema Badala ya Mpira

Huko Rubona, kando ya Ziwa Kivu, karibu na mji wa Gisenyi, wavuvi wa sambaza hutoka jioni na taa zao wakarejea alfajiri. Usiku uo huo, nyumbani, baba mwenye miaka sitini aweza kuamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, akasimama kitambo na kuambulia matone. Mkewe husikia, naye mwenyewe hasemi neno. Asubuhi huenda kujikanda katika chemchemi za maji moto zilizo hapo hapo Rubona. Huondoa uchovu, lakini hazifungui njia ya mkojo.

Kinachomfunga mdomo si aibu peke yake, bali pia hofu ya mpira. Si kila mgonjwa huupitia. Wengi huhojiwa na kupimwa tezi dume kwa kidole, basi. Lakini inapotakiwa hakika kama njia imebanwa na tezi iliyokua, au kibofu chenyewe kimelegea, mrija mwembamba hupitishwa hadi kibofuni na mwingine katika puru, kisha kibofu hujazwa maji na nguvu yake ikapimwa.

Ndiyo maana wataalamu wanatafuta alama ndani ya mkojo wenyewe. Wamechunguza protini inayokuza mishipa ya fahamu, na kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huzidi kwa baadhi ya wenye kibofu kisichovumilia. Tatizo ni kwamba huzidi kwa maradhi mengine pia, na hakuna iliyokwisha kushika mahali pa mrija. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha kipimo cha mkojo kiitwacho PCA3, cha kusaidia uchunguzi wa saratani ya tezi dume. Ajabu yake, kabla ya mkojo kutolewa ilibidi daktari aipapase tezi kwa kidole!

Hata hivyo, mkojo wa kikombeni husema mengi tangu sasa. Kijiti cha kuchovya huonyesha sukari, damu na dalili za uambukizo. Na huenda anayekojoa kila mara ana kisukari, wala si tezi. Damu ikionekana, hata bila maumivu, hospitali isingoje. Kisonono nacho, penye mashine, hupimwa kwa mkojo wa mwanzo bila kuchokonolewa kwa pamba.

Ama yule ambaye mkojo umekataa kutoka kabisa, na tumbo la chini limejaa na kuuma, yeye apelekwe siku hiyo hiyo. Hapo mpira ule ule unaoogopwa humpa nafuu kwa dakika chache.