GEMU ZA VIJANA WETU: ZINAKULA NINI?



Siku hizi, tukimaliza hesabu za michango, swali moja halikosi kuulizwa: "Hawa vijana na gemu, tufanyeje?" Mzazi mmoja husema simu ichomwe. Mwingine husema, afadhali akae hapo na simu yake kuliko kuzurura sokoni. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Hebu tulichunguze jambo hili pamoja.

Maisha bora ni nini?

Shirika la Afya Duniani (WHO) likipima ubora wa maisha huangalia mambo manne: mwili, hali ya moyo na akili, uhusiano na watu, na mazingira tunamoishi. Katika mazingira huhesabiwa pesa, usalama na hata nafasi ya kujiburudisha. Kwa hivyo mchezo wenyewe si dhambi. Kijana anayecheza kidogo na wenzake, akacheka, akaenda kulala, hajapoteza kitu.

Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Andrew Przybylski, alitoa matokeo ya watoto karibu 5,000 wa Uingereza, wenye umri wa miaka 10 hadi 15. Waliocheza chini ya saa moja kwa siku walikuwa na hali nzuri kidogo kuliko wasiocheza kabisa. Waliozidisha saa tatu hali yao ilikuwa mbaya kidogo. Lakini tofauti hizo zilikuwa ndogo. Amani ya nyumbani, uhusiano shuleni na umaskini vilikuwa na uzito zaidi. Tena, matokeo ya namna hii hayatuambii kama gemu ndiyo ilileta huzuni, ama huzuni ndiyo ilimsukuma mtoto kwenye gemu.

Basi tusiulize tu, "Anacheza?" Tuulize, "Gemu imekula nini?"

1. Usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Akicheza chini ya blanketi mpaka saa saba usiku, na saa kumi na moja asubuhi aamke kwenda shule, atasinzia darasani. Mwalimu atadhani ni mvivu.

2. Mwili. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 watumie mwili kwa nguvu dakika 60 kwa siku. Kukimbia, mpira au kulima huhesabiwa. Kubonyeza vidole hakuhesabiwi.

3. Pesa. Kwenye vibanda vya gemu mtu hulipa kwa kila mchezo, na mara nyingi anayeshindwa ndiye hulipa. Wakianza kuwekeana pesa, huo si mchezo tena, ni kamari, na sheria ya Kenya haimruhusu mtoto chini ya miaka 18 kucheza kamari. Gemu za simu nazo huuza vitu ndani yake: nguo za mchezaji, silaha, hata masanduku ambayo hujui yana nini mpaka ulipe. Mama, je, kijana anaijua namba yako ya siri ya M-Pesa?

4. Watu. Amewaacha marafiki? Anakula peke yake? Huenda kuna jambo linalomsumbua, na gemu ni mahali pa kujificha tu.

Ni lini inakuwa ugonjwa?

Mwaka 2019 nchi wanachama wa WHO zilikubali orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022, na uraibu wa gemu umo ndani. Dalili ni tatu: kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata baada ya kuona madhara. Kwa kawaida hali hii iwe imedumu miezi 12. Wanaofikia hapo ni wachache. Kama wako anafanana na hao, usimchape wala kumwita jina baya. Mpeleke kituo cha afya.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

Sheria peke yake haitoshi. Mwaka 2011 Korea Kusini ilipiga marufuku gemu za intaneti kwa watoto chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Miaka kumi baadaye serikali ilitangaza kuiondoa sheria hiyo na kuziachia familia zipange zenyewe. Sisi pia tunaweza kupanga:

- Usiku simu zote zilale chumbani kwa wazazi, na ya baba pia!
- Tuzungumze na mwenye kibanda kwa heshima: asipokee mwanafunzi saa za masomo, wala asiruhusu kuwekeana pesa.
- Ukimwondolea kijana gemu, mpe kitu kingine: mpira, sungura wa kufuga, au nafasi ya kuandika hesabu za kikundi.

Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje polepole asivunjike.

Maswali ya kujadiliana

1. Vijana wetu wana mahali gani pa kucheza bila kulipa?
2. Gemu imekula nini katika nyumba zetu?
3. Nani ataongea na mwenye kibanda, na lini?