Kipushi: Shule ikifunga milango, masomo yasifungwe nyumbani

Katika familia nyingi za Kipushi, mji wa migodi ulio karibu kilometa 30 kutoka Lubumbashi, mpakani na Zambia, kufundisha mtoto huhesabiwa kuwa kazi ya mwalimu peke yake. Mzazi akisha kununua madaftari na yunifomu, anaona amemaliza. Lakini miaka ya karibuni imeonyesha kwamba shule inaweza kufungwa wakati wowote, na mtoto asiye na masomo nyumbani ndiye anayepoteza zaidi.

Kampuni ilipobeba kila kitu

Mazoea hayo yana historia. Wakati wa Union Minière, na baadaye Gécamines, kampuni ilijenga nyumba, hospitali na mashule kwa watoto wa wafanyakazi wake. Mwaka 1993 mgodi wa Kipushi ulisimama, na mzigo ukaangukia familia. Katika miaka hiyo ya 1990, wazazi kote inchini walianza kuchangia malipo ya walimu kutoka mifuko yao.

Hali hiyo ilidumu hadi mwezi wa tisa 2019, serkali ilipoanza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo katika mashule ya umma. Watoto wengi walirudi shuleni, lakini madarasa yakajaa kupita kiasi. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika Kongo, watoto 97 kwa 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandiko mepesi.

Mwaka ambao shule ilipotea

Tarehe 19 mwezi wa tatu 2020, mashule yalifungwa inchini kote kwa sababu ya Covid-19. Madarasa ya mtihani yalirudi mwezi wa nane, mengine tarehe 12 mwezi wa kumi. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili yakafungwa tena, hadi tarehe 22 mwezi wa pili 2021. Kwa hiyo, katika muda wa miezi kumi na moja, mtoto wa mwaka wa tatu alikaa darasani wiki zisizofika kumi.

Radio Okapi ilirusha masomo katika kipindi cha Okapi École, na penye radio na mtu mzima wa kukaa karibu na mtoto, kipindi hicho kilisaidia. Mwanzo wa mwaka wa masomo 2024-2025, shule ilikwama tena sehemu mbalimbali za inchi, safari hii kwa mgomo wa walimu waliodai mishahara bora.

« Mimi sijui Kifaransa »

Hicho ndicho kizuizi ambacho wazazi wengi hutaja. Lakini sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 inatambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia na kujifunzia pamoja na Kifaransa. Katanga, lugha hiyo ni Kiswahili. Mtoto aliyejua kuunganisha herufi katika neno analolielewa, kama « mukate » au « maji », hujifunza kusoma upesi kuliko yule anayekariri maneno ya kigeni bila maana. Akishajua kusoma, ujuzi huo anauhamishia kwenye Kifaransa.

Hesabu nazo ziko mlangoni. Katika mji wa mpakani kama Kipushi, kwacha, franga na dola hupita mkono kwa mkono. Mtoto anayetumwa sokoni anaweza kuulizwa: kopo moja la unga ni bei gani, na makopo matatu je? Ukitoa noti hii, utarudishiwa ngapi? Hata mama asiyejua kuandika anaweza kufundisha somo hilo vizuri.

Nusu saa kila jioni, kabla giza halijaingia au umeme haujakatika, ina faida kuliko siku nzima ya posho mara moja kwa mwezi. Mtoto asome kwa sauti, aeleze alichosoma kwa maneno yake, kisha mkubwa wake amsaidie mdogo. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mtoto amweleze somo la leo. Akishindwa kueleza, ni dalili kwamba hakulielewa.

Nyumbani tu haitoshi

Je, mzazi anaweza kumtoa mtoto shuleni na kumfundisha nyumbani moja kwa moja? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinampa mzazi haki ya kuchagua namna ya elimu ya mtoto wake. Lakini kifungu hicho hicho kinasema masomo ya msingi ni ya lazima, na kwamba elimu ya taifa inatolewa katika mashule ya umma na ya binafsi yaliyokubaliwa na serkali.

Jambo lingine ni karatasi. Mwisho wa mwaka wa sita, mtihani wa ENAFEP unapitia shule. Kwa diploma ya serkali, mtu aliyejifunza mwenyewe anaweza kujiandikisha kama otodidakti, lakini kwanza hupita majaribio ya awali. Mtoto asiyeandikishwa popote anaweza kuwa na akili nyingi na akakosa cheti cha kuonyesha.

Kwa mzazi wa Kipushi, njia salama ni kuacha jina la mtoto kwenye daftari la shule, na kuweka masomo kila jioni nyumbani. Milango ya shule ikifungwa tena, mtoto huyo hataanza upya siku itakapofunguliwa.